Machozi ya Picha na Machozi ya Jirani

Dominika ya Kumi na Moja ya Mwaka C
Masomo: 2 Sam 12:7-10, 13; Gal 2:16, 19-21; Lk 7:36–8:3



Dominika ya leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya machozi. Hatuzungumzi juu ya machozi ya msibani, ambayo kila mmoja wetu anayajua, bali juu ya machozi yale yanayomtoka mtu akiwa ameketi salama mbele ya picha ya sinema, akimlilia mtu asiyemjua, na ambaye pengine hakuwahi kuishi katika dunia hii. Huenda mtashangaa kwamba jambo la namna hiyo linaletwa katika mahubiri. Lakini yatazameni vizuri masomo tuliyoyasikia. Katika somo la kwanza mfalme Daudi anapigwa moyoni na hadithi aliyosimuliwa na nabii. Katika Injili mwanamke mkosefu analia miguuni pa Bwana wetu, na machozi yake yanamfungulia mlango wa msamaha. Kati ya hao wawili tumekaa sisi, watu tunaopenda hadithi na tulio wepesi wa kulia, lakini tusiojua daima machozi yetu yanakwenda wapi.

Turuhusuni tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe hapa Matai. Ilikuwa ni majira kama haya, mahindi yakiwa yamekauka shambani na ulezi ukianza kuingia ghalani, na upepo wa nyanda za juu za Ufipa ukivuma kwa baridi ile inayomfanya mtu asiachane na koti lake hata mchana. Jumapili moja jioni tuliwakusanya waamini ukumbini, tukatundika shuka jeupe ukutani, tukawasha jenereta, tukawaonyesha picha iitwayo Neria. Picha hiyo ilitengenezwa Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya 1990. Aliyeiongoza ni Godwin Mawuru, kwa hadithi ya mwandishi Tsitsi Dangarembga, na mama anayeigiza kama Neria ni Jesesi Mungoshi. Picha ni ya Kiingereza, kwa hiyo katekista mmoja alisimama kando ya shuka akawa anaisimulia kwa Kiswahili, kazi ambayo huko Dar es Salaam ilimfanya Lufufu ajulikane nchi nzima. Katekista wetu hakuwa Lufufu, lakini alikuwa na sauti nzuri, na pale maneno ya wachezaji yalipompita alitia ya kwake, wala hakuna aliyelalamika.

Hadithi yenyewe ni fupi kuieleza. Neria na mumewe Patrick wanaishi mjini, wamejenga nyumba yao kwa jasho la wote wawili, na wana watoto. Siku moja mume yuko njiani kwa baiskeli, anapata ajali, anakufa. Hata udongo wa kaburi haujakauka, ndugu wa marehemu, jina lake Phineas, anaanza kukusanya: kitabu cha benki, gari, vyombo vya ndani, na hatimaye nyumba yenyewe. Kila anachokichukua anakichukua kwa jina la mila. Mwishowe anataka hata watoto. Yule mjane, baada ya kuvumilia mengi, anakwenda mahakamani kudai haki yake, na haki anaipata.

Ndugu zangu, ukumbi mzima ulilia. Akina mama walijifunika vitenge usoni. Wazee, ambao kwetu hufundishwa tangu utoto kwamba mwanamume halii, walikuwa wakikohoa kikohozi kile ambacho si cha kifua. Na sisi pia, tuliokaa mbele kama wenyeji wa shughuli, tulilia. Tulirudi nyumbani usiku ule tukiwa na furaha kubwa, tukijiambia kwamba kazi ya Mungu imefanyika, kwa maana mioyo ya watu imeguswa.

Tutarudi kwenye usiku huo baadaye kidogo, kwa sababu habari yake haikuishia hapo. Kwanza tuulize: machozi ya namna hii ni kitu gani? Je, ni zawadi ya Mungu, au ni upuuzi, au ni udanganyifu wa moyo?

Sisi tunasema kwanza kwamba ni zawadi. Mungu alimwumba mwanadamu akiwa na moyo unaoweza kutoka nje ya ngozi yake ukaingia katika mateso ya mwingine. Mnyama huuguza jeraha lake mwenyewe. Mwanadamu anaweza kuuguza hata jeraha alilolisikia katika hadithi. Bwana wetu Yesu Kristo, aliye Mungu kweli na mtu kweli, hakuona haya kulia. Alilia mbele ya kaburi la rafiki yake Lazaro, ijapokuwa alijua kwamba baada ya kitambo kidogo angemfufua. Aliulilia mji wa Yerusalemu alipouona kwa mbali. Na katika sura hiyohiyo ya saba ya Injili ya Luka, kabla ya habari tuliyoisikia leo, alipokutana na jeneza la kijana wa Naini alimwonea huruma mama yake mjane. Basi anayejisifu kwamba yeye halii kamwe asidhani kwamba amempita Bwana wake kwa ushujaa.

Machozi ya sinema si mageni nchini kwetu. Tangu miaka ya 1950 watu wa Dar es Salaam, Tanga na Unguja walijaa katika majumba ya sinema kutazama picha za Kihindi, wakalia bila kujua neno moja la Kihindi. Wapo wazee wanaoikumbuka hadi leo ile iitwayo Mother India, ya mwaka 1957, ambamo mama maskini anabaki peke yake na watoto, anajifunga jembe na kulikokota yeye mwenyewe kama ng'ombe, na mwisho anampiga risasi mwanawe aliyegeuka jambazi, kwa sababu hakubali heshima ya binti wa kijiji ivunjwe. Mkulima wa Ufipa hahitaji mkalimani wa kumweleza maana ya mama kukokota plau. Anaijua ardhi ngumu, na anajua plau bila maksai ni chuma tu.

Tunakumbuka pia Jumamosi Kuu ya tarehe 7 Aprili 2012, ilipotangazwa kwamba mwigizaji Steven Kanumba amefariki dunia Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 28. Jumanne iliyofuata, ndani ya Oktava ya Pasaka, maelfu ya watu walijitokeza kumwaga. Wengi wao hawakuwahi hata kumpa mkono. Walimlilia kwa sababu alikuwa amezoea kuingia nyumbani mwao kwa njia ya picha, wakacheka naye na kuhuzunika naye mpaka akawa kama ndugu. Hatuwalaumu. Marehemu ni wa kuliliwa, na Mungu amrehemu. Lakini siku ile tulijiuliza swali ambalo tunawaachia na ninyi: jana yake, Ijumaa Kuu, tulipopita mmoja mmoja kuubusu Msalaba, ni wangapi kati yetu tulilia?

Kanisa halikuwahi kuidharau sinema. Papa Pius XI aliiandikia waraka mzima mwaka 1936, Papa Pius XII akaandika tena mwaka 1957 akiunganisha sinema, redio na televisheni, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano tarehe 4 Desemba 1963 ukatoa hati yake juu ya vyombo vya upashanaji habari. Nyaraka zote hizo zinatambua kwamba picha ina nguvu kubwa ya kuuingia moyo. Lakini kila chenye nguvu ya kuingia moyoni chahitaji kuulizwa kimeingia kufanya nini. Mvua ikinyesha shambani huotesha mahindi. Mvua ileile ikinyesha juu ya mwamba huteremka bondeni, na kesho yake mwamba ni mkavu kama jana.

Hapo ndipo tunapokutana na mwalimu mkuu wa jambo hili, Mtakatifu Agostino, mwana wa Afrika ya Kaskazini, aliyezaliwa mwaka 354. Katika kitabu chake cha Maungamo anaeleza jinsi alivyopenda michezo ya kuigiza alipokuwa kijana masomoni huko Karthago. Anajiuliza kwa nini mtu anapenda kuhuzunishwa na mambo ambayo yeye mwenyewe asingependa yampate. Mtazamaji, anaeleza, haitwi kwenda kusaidia. Anaitwa kuhuzunika tu, na kadiri anavyohuzunishwa ndivyo anavyomsifu mwigizaji. Hata akitoka bila kulia anaona amepoteza fedha yake. Tena anakiri kwamba alipokuwa mtoto wa shule alimlilia Dido, malkia wa hadithi aliyejiua kwa ajili ya mapenzi, na wakati huohuo hakujililia yeye mwenyewe aliyekuwa akifa mbali na Mungu.

Angalieni neno hili, ndugu wapendwa. Wakati Agostino akimlilia Dido wa hadithi, nyumbani alikuwapo mama wa kweli, Mtakatifu Monika, aliyekuwa akimlilia Agostino. Machozi ya mtoto yalikwenda kwenye jukwaa la michezo. Machozi ya mama yalikwenda kwa Mungu, nayo yaliandamana na sala, safari, na uvumilivu wa miaka mingi. Askofu mmoja alimfariji kwa kumwambia kwamba haiwezekani mtoto wa machozi kama hayo apotee. Wote wawili walilia. Lakini machozi ya kijana yalimburudisha mwenyewe, na machozi ya mama yalimzaa mtakatifu.

Hiyo ndiyo hatari ya machozi ya picha: yanaweza kutudanganya kwamba tumekwisha kupenda. Mtu ametazama, amelia, amepenga kamasi, anajisikia mwema, anakwenda kulala. Huruma yake ameitumia yote kwa mtu wa kwenye shuka, na asubuhi mtu wa mlangoni anakuta pochi ni tupu.

Sasa turudi kwenye usiku wa Neria, na hapa inatupasa kuungama mbele yenu.

Siku ya Alhamisi, kabla ya Jumapili ile, mama mmoja alikuja ofisini kwetu. Alikuwa ametoka kigango cha mbali, jina lake na la kigango tunaliacha. Mumewe alikuwa amezikwa miezi mitatu iliyopita, na katika maziko yake tuliongoza ibada sisi wenyewe. Mama huyo alitueleza kwamba shemeji yake amekuja na vijana, amechukua maksai wawili na plau, na amepima shamba kwa hatua akisema kwamba baada ya mavuno litarudi katika ukoo. Alituomba jambo moja tu: twende tukae katika kikao cha ukoo, hata kama hatutasema neno, kwa maana mbele ya padri watu wangeona haya. Sisi siku hiyo tulikuwa na hesabu za zaka mezani, na chai ilikuwa ikipoa. Tulimwambia alete kwanza barua ya mwenyekiti wa jumuiya yake, ipitie kwa katekista, kisha tutaona. Aliitikia, akashukuru, akaondoka. Alikuwa amekuja kwa miguu.

Jumapili jioni tukamlilia Neria.

Picha ilipokwisha na taa zikawashwa, tulipita katikati ya watu tukiwasalimu, tukamwona mama yule ameketi benchi la mwisho karibu na mlango. Alikuwa amekuja Misa, na baada ya Misa akabaki kusubiri picha kama wengine. Waliomzunguka walikuwa na macho mekundu. Yeye macho yake yalikuwa makavu. Sisi, bila kufikiri, tukamwuliza, "Mama, mbona wewe hukulia?" Akatujibu kwa adabu, akiwa ameinamisha kichwa, "Padri, hao wengine walikuwa wanatazama picha."

Hakuongeza neno. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukumbi mzima ulilia kwa sababu jambo lile lilikuwa mbali nao. Yeye hakulia kwa sababu lilikuwa limemkalia. Na sisi, tuliolia kuliko wengi, ndio tuliokuwa tumemrudisha nyumbani akiwa mikono mitupu siku tatu kabla. Usiku ule hatukulala vizuri. Tulilisikia somo tulilolisoma leo kana kwamba limeandikwa kwa ajili ya ofisi yetu.

Kwa maana Natani alifanya nini? Daudi alikuwa amemchukua mke wa Uria, na Uria mwenyewe akamfanyia hila hata akauawa vitani. Nabii hakuja na mashtaka. Alikuja na hadithi: mtu tajiri mwenye makundi ya kondoo, na mtu maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu, aliyemlea pamoja na watoto wake, akila chakula chake na kulala kifuani pake, kisha mgeni akaja, na tajiri akamchinja yule mmoja wa maskini. Twaweza kusema Natani alimwonyesha mfalme picha. Na mfalme aliguswa kwelikweli! Aliwaka hasira, akahukumu kwamba mtu wa namna hiyo anastahili kufa. Moyo wa Daudi haukuwa umekufa. Uliweza kuona uovu waziwazi, mradi uovu huo uwe wa mtu mwingine. Ndipo Natani akamgeuzia neno, akamwambia kwamba mtu yule ni yeye.

Hadithi ni njia ya Mungu ya kuzunguka boma. Tukishtakiwa usoni tunafunga mlango na kuweka walinzi. Tukisimuliwa hadithi tunafungua wenyewe, kwa kuwa tunadhani inamhusu jirani. Ikiisha kuingia ndani, ndipo Natani anageuka. Tofauti ya Daudi na watazamaji wengi ni kwamba Daudi alikubali kugeukiwa. Hakumfukuza nabii, hakusema kwamba mfalme ana desturi zake. Alikiri kwamba amemkosea Bwana, na Bwana akamwondolea dhambi yake.

Kesho yake asubuhi tulipanda pikipiki tukaenda kigangoni kwa mama yule, bila barua ya mtu yeyote. Baada ya siku chache kikao cha ukoo kiliketi. Shemeji mtu alikuwapo, na kumbe naye Jumapili ile alikuwa ukumbini. Alituambia mwenyewe, tena kwa uchungu wa kweli, kwamba picha ile ilimliza, na kwamba yule Phineas ni mtu mbaya sana. Tukamwuliza juu ya maksai. Akasema, "Padri, hilo la kwetu ni la mila." Wazee wakainamisha nyuso. Hakuna aliyecheka, ingawa pengine ilikuwa ni haki yetu kucheka na kulia kwa pamoja. Wala hatukuweza kumtupia jiwe, maana sisi wenyewe tulikuwa tumesema, hilo la kwetu ni la utaratibu wa ofisi. Kila mmoja ana jina zuri la kufunikia alichokifanya.

Hatutawadanganya kwamba mambo yalimalizika kama katika picha. Kikao kilikwenda hadi jioni. Shamba lilibaki mikononi mwa mjane na watoto wake. Plau ilirudi, na maksai mmoja alirudi. Wa pili alikuwa amekwisha kuuzwa mnadani, na fedha yake haikuonekana. Msimu uliofuata mama yule alilima kwa kuazima maksai wa jirani, akimrudishia kwa siku za kazi. Kama tungalikwenda siku ileile ya Alhamisi, ng'ombe yule huenda angalikutwa bado zizini. Hilo nalo tunalibeba.

Ndugu wapendwa, sasa mtazameni mwanamke wa Injili ya leo. Mwinjili Luka hatuambii jina lake. Anaingia katika nyumba ya Simoni Mfarisayo, anasimama nyuma ya Yesu, analia. Lakini machozi yake hayaanguki ovyo sakafuni. Yanaangukia miguu ya Bwana, yenye vumbi la njia, na yanaiosha. Kisha nywele zake zinafuta, midomo yake inabusu, na mikono yake inapaka marhamu. Machozi ya mwanamke huyu yana mikono. Simoni, mwenye nyumba, mtu wa heshima na wa sheria, hana machozi na wala hana maji. Hakumpa mgeni wake hata maji ya kunawa miguu. Yeye ametazama tukio lote kama mtazamaji, na kazi aliyoifanya ni kuhukumu moyoni. Basi Bwana naye akamsimulia Simoni hadithi fupi, ya wadeni wawili waliosamehewa, mmoja deni kubwa na mwingine dogo, akamwuliza ni yupi atakayependa zaidi. Simoni alijibu vizuri. Kisha Bwana akamgeukia yule mwanamke na kumfanya Simoni amtazame. Ni njia ileile ya Natani: kwanza hadithi, kisha jirani aliye mbele ya macho yako.

Hata katika njia ya Msalaba, kama anavyotusimulia Luka huyohuyo, akina mama wa Yerusalemu walipomlilia, Bwana hakuyakataa machozi yao, bali aliwaelekeza wajililie wao na watoto wao. Wengi wenu mmeiona filamu ya Yesu ya mwaka 1979, iliyofuata Injili ya Luka na kutafsiriwa katika lugha nyingi sana za dunia, Kiswahili kikiwamo. Wengine mmeiona ile ya mateso ya Kristo ya mwaka 2004. Mmelia, na mmefanya vema. Lakini Kristo wa kwenye picha hahitaji tena msaada wako; mwigizaji alivua taji la miiba akaenda kula chakula chake. Kristo anayehitaji msaada ni yule anayekuja ofisini Alhamisi.

Basi tuondoke na mambo matatu ya kutenda.

La kwanza, kwa makatekista na viongozi wa vijana. Mkiwaonyesha waamini picha, msiwaache watawanyike na machozi yao gizani. Bakini nao hata robo saa. Ulizeni maswali mepesi: Je, jambo hili lipo kwetu? Katika hadithi hii, mimi ni nani? Kila mtu hupenda kuwa Neria, wala hakuna anayejitaja kuwa Phineas, na tena kuna wengi ambao ni jirani yule aliyeona na kunyamaza. Na wazazi nao wajue watoto wao wanatazama nini katika vibanda vya video, na wanatoka humo saa ngapi.

La pili, kwa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Msiba ukiisha na turubai likafunguliwa, kazi yetu bado haijaisha. Kabla ya siku ya arobaini, jumuiya iende kwa mjane, na isiende na pole peke yake. Iulize: Shamba liko wapi? Maksai wako wapi? Nani anashika karatasi? Mila zetu zilizoandikwa kiserikali mwaka 1963 zilimwacha mjane nje ya urithi pale marehemu alipoacha ndugu wa ukoo, zikamwambia ategemee kutunzwa na watoto wake. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatamka kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na haki ya mwanamume, na kwamba mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Na yule anayeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi, hakuteuliwa kuwa mrithi. Msimamizi ni mtumishi wa mjane na yatima, naye atatoa hesabu mbele ya hakimu wa dunia hii na mbele ya Hakimu wa mbinguni. Ninyi akina baba mlio hai, andikeni wosia mbele ya mashahidi mkiwa na afya. Kuandika wosia si kuita kifo. Ni kumpenda mke wako hata siku ambayo mdomo wako hautaweza kusema.

La tatu, kwa kila mmoja wetu. Ukijikuta umelia mbele ya picha, usione haya, bali mshukuru Mungu kwamba moyo wako ungali laini. Kisha kabla ya kulala mwulize Bwana: Je, yupo mtu ninayemjua kwa jina anayelia machozi kama haya, nami sijamwona? Ukimkumbuka, kesho yake amka mapema uende. Usimngoje alete barua.

Na wewe mama uliyeketi benchi la mwisho mwenye macho makavu, wewe ambaye huna tena machozi ya kumlilia mtu wa hadithi kwa kuwa umeyamaliza nyumbani, usidhani kwamba moyo wako umekuwa mgumu. Bwana aliyemwona mjane wa Naini kabla hajaombwa anakuona na wewe. Utusamehe sisi tuliochelewa.

Tuombe. Ee Bwana Yesu Kristo, uliyemlilia rafiki yako na kumfufua, uliyepokea machozi ya mwanamke mkosefu na kumtuma aende kwa amani, uyape mikono machozi yetu. Utuondolee huruma inayoishia machoni. Utupe ujasiri wa Daudi wa kukubali kwamba mtu yule ni mimi, na upendo wa mwanamke yule wa kutoa chupa nzima ya marhamu bila kuhesabu. Uwalinde wajane na yatima wa nchi yetu, na uwageuze wanaowanyang'anya, wasije wakafika mbele yako wakiwa bado wanasema ni mila. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.